Herufi Kwenye Udongo Mbichi

Mwalimu Maseabata hakumkaribisha Malimpho kiti. Alikunjua karatasi juu ya meza, akainyoosha kwa viganja, akaiacha iseme yenyewe.

Ilikuwa karatasi ya kufuatisha, ile ambayo watoto wa darasa la awali hupewa kila asubuhi. Juu palikuwa na mstari wa herufi b zilizochorwa kwa vitone, na kazi ya mtoto ni kupitisha kalamu juu ya vitone mpaka viungane. Limpho alikuwa amevipitia vizuri, mkono haukumtetemeka hata mahali pamoja. Shida ilianzia chini yake. Pale ambapo wenzake waliandika b zao wenyewe bila vitone, yeye alikuwa ameandika b moja inayotazama kulia, kando yake nyingine inayotazama kushoto, na chini ya hizo mbili nyingine zilizopinduliwa miguu juu, matumbo yote manne yakikutana katikati kama ua. Maua hayo yalijaa mpaka ukingo wa karatasi.

"Ni kazi nzuri," Malimpho alisema. Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nzuri kwa kushonea mto," alijibu mwalimu. "Mama, sikukuita nimsifu. Tazama jina lake." Aliweka kidole penye kona. Limpho alikuwa ameliandika jina lake vizuri, ila p ilikuwa imegeuza mgongo. "Jana p ilitazama huku. Juzi ilisimama kwa kichwa. Siku ikikaa sawasawa ni bahati tu."

"Anajifunza, mwalimu."

"Wote wanajifunza. Lakini darasa la kwanza lina watoto zaidi ya sabini na mwalimu mmoja. Mtoto asiyejua kuandika jina lake akiingia mle anazama, na hakuna wa kumwona akizama." Mwalimu Maseabata alishusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwaka jana nilimbakisha kwa ajili ya ule ugonjwa wake wa kifua. Nikimbakisha tena, atakuwa mkubwa kuliko wote. Tayari wanamwita bibi. Sasa sikia. Kabla hatujafunga kwa Krismasi, kila mtoto atasimama ubaoni aandike, bila vitone. Akiweza, Januari anakwenda na wenzake. Asipoweza, anabaki na wadogo. Una wiki mbili."

Malimpho aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani chini ya blanketi. Njia nzima ya kurudi kijijini Ha Rasebopi alitembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Jina la Malimpho alipewa siku alipoolewa, kabla Limpho hajawa hata tumboni. Ndiyo desturi ya kule: bibi arusi hupewa jina la mtoto atakayemzaa. Kwa hiyo alikuwa ameitwa kwa jina la mtoto huyu mwaka mzima kabla ya kumwona sura, na pengine ndiyo maana kila lililomgusa Limpho lilimgusa yeye mara mbili. Shule mwenyewe aliiacha darasa la pili. Sasa, mwanamke mwenye mtoto na mama mkwe, alikuwa amerudi kusoma masomo ya jioni katika jengo lile lile, akikaa kwenye viti vilivyomfikia magotini. Huko ndiko vitone vilikomfungua macho. Walipewa karatasi za kufuatisha wao watu wazima, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Siku aliyosoma kadi yake ya kliniki bila kumwomba nesi, aliamini kwamba hakuna kitu ambacho vitone haviwezi.

Nyumbani alimkuta Limpho amepakaa udongo mpaka viwikoni. Mama mkwe wake, Mamotsoane, alikuwa akikandika ukuta wa mbele, maana mwana wake wa mwisho, Lefa, angeleta mke kabla ya Krismasi, na bibi arusi hapokelewi kwenye nyumba yenye ukuta mkavu uliopasuka. Mama mkwe alipaka udongo na samadi kwa kiganja, akaugawa vyumba vyumba vya mraba, kisha kwa meno ya uma akachimba mifuo katika kila chumba. Limpho alimfuata nyuma, kidole ndani ya mfuo, akilainisha kingo zake. Mtoto alikuwa amefanya kazi hiyo tangu aweze kusimama.

"Limpho, kanawe mikono," Malimpho alisema. "Tuna kazi."

"Na hii si kazi?" aliuliza mama mkwe bila kugeuka.

Jioni hiyo, na zilizofuata, Malimpho alichora vitone. Alivichora nyuma ya karatasi za masomo yake, nyuma ya kalenda iliyopita, kwenye mfuko wa unga alioupasua. Limpho aliketi mezani, ulimi nje kidogo, akavifuata vyote. Kazi yake haikuwa na kasoro. Halafu mama yake alisema, "Sasa peke yako," na mtoto akaandika p moja nzuri, akatabasamu, akaandika nyingine iliyogeuka, akaishusha ya tatu chini yake.

"Limpho. Moja tu inatazama hivi. Nyingine si p."

"Ndiyo, mama."

"Haya, andika."

Akaandika. Ikageuka.

Siku ya nne Malimpho alipandisha sauti, kitu ambacho hakukizoea, na penseli ilivunjika ncha. Asubuhi yake alimkuta mtoto ukutani tena na nyanya yake, akicheka, midomo imejaa viazi vya moto. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, naomba Limpho asiguse ukuta mpaka shule ifungwe."

Mamotsoane aliweka uma chini. "Kwa nini? Ukuta umemwuma?"

"Unamchanganya. Anatakiwa kushika kalamu."

"Mimi nimelea watoto watano kwa mikono hii yenye udongo."

"Najua, Mama."

"Na huyo mumeo unayemwona anasimamia wakata manyoya ya kondoo mjini alianza kwa kushika kidole changu hapa."

"Najua, Mama, na nakuheshimu. Lakini ukuta hausahihishwi na mwalimu."

Mama mkwe akamwambia mjukuu, "Nenda kwa mama yako. Mama yako amesoma." Hakusema kwa ukali. Ndivyo lilivyochoma zaidi.

Limpho hakulia. Alinawa, akaketi mezani, akashika penseli, akangoja vitone. Mama yake alipochora, alifuata. Alipoacha kuchora, Limpho alikaa tu, penseli imesimama juu ya karatasi, haishuki. Si p iliyogeuka tena wala p iliyonyooka. Hakuna kitu. Asubuhi ya tatu Malimpho akambembeleza, akamwahidi sukari guru, akamwambia hata L tupu ingetosha. Mtoto akasema, "Sijui pa kukanyaga," na akaweka penseli chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Malimpho alikwenda nje kuwatupia kuku mtama ili mtoto asione macho yake. Jua la asubuhi lilikuwa limeupiga ukuta wa mbele kwa ubavu, na kila mfuo ulikuwa na kivuli chake. Miaka yote alikuwa ameuona ukuta ule kama mtu anavyoona uso wa jirani, bila kuutazama. Sasa alitazama. Chumba cha kwanza kilikuwa na jani moja limeinama kulia. Cha pili, jani lile lile limeinama kushoto. Chini yake, yale yale mawili yamepinduliwa. Majani manne, ua moja. Halafu tena, na tena, mpaka kwenye pembe ya nyumba.

Alitoa ile karatasi ya mwalimu kutoka kifuani, akaishika kando ya ukuta. Mtama ukamwagika wote mara moja, na kuku wakagombana miguuni pake.

"Limpho, njoo. Hapana, sikugombezi. Njoo tu." Alichuchumaa. "Ulipoandika b hii, kwa nini uliigeuza?"

Mtoto alitazama miguu yake. "Isikae peke yake."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Ndivyo inavyokuwa. Ukichora moja ukaondoka, inabaki inalia. Lazima uipe wenzake watatu."

Malimpho alimvuta, akamkumbatia hata mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Hakuwa mjinga huyu. Hakuwa amevuruga kazi hata siku moja. Alikuwa akiimaliza, kama alivyofundishwa, na sisi, alijiambia Malimpho, tukamwambia amekosea bila kumwambia amekosea nini.

Lakini kujua ugonjwa si kupona, na siku zilikuwa zinakwisha. Karatasi ilikuwa imekwisha kumtia mtoto hofu. Hapo ndipo alipoamua, na alipoamua alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa akikoroga uji mchachu wa mtama na hakuwa amemsemesha tangu siku ile.

"Mama, nimekuja kuomba ukuta."

Mamotsoane aliendelea kukoroga. "Ukuta gani?"

"Ule wa nyuma."

"Ule wanaojikunia mbuzi?"

"Huo huo."

"Juzi kuta zilikuwa na sumu."

"Juzi nilikosea nusu, Mama. Nusu sijakosea. Nataka kumfundisha herufi palepale mkono wake usipoogopa."

Mama mkwe alilamba mwiko, akafikiri. "Chukua. Ila mbuzi wakijua kusoma kabla ya mjukuu wangu, usinilaumu."

Udongo wa kwanza Malimpho aliukanda mwenyewe, na Mamotsoane alipopita akauchota kwa vidole viwili akasema huo ulikuwa uji wa wafungwa, hata nzi asingeshikilia. Akaongeza samadi, akaondoka bila kungoja shukrani. Ukuta ulipokuwa laini na mbichi, Malimpho hakuugawa vyumba. Alivuta kwa kijiti mstari mmoja mrefu, kutoka pembeni kushoto mpaka kwenye mlango mdogo wa nyuma ulioko kulia.

"Hii ni njia," alimwambia Limpho. "Ukuta wa Bibi ni kikao. Watu wameketi, wanatazamana, kila mmoja ana wenzake, wanakula. Kwenye kikao unageuza. Hapa si kikao. Hapa ni safari. Wote wanakwenda mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna anayelia, maana mwenzake yuko mbele yake."

Limpho alilitafakari. "Wanakwenda wapi?"

"Kisimani."

"Na p?"

"p ana tumbo kubwa. Tumbo linatangulia mlangoni."

"Na b?"

"Vile vile, ila yeye kabeba ndoo kichwani, ndiyo maana mti wake unakwenda juu."

"Na d? d tumbo lake liko nyuma."

Malimpho hakuwa amefika huko. Aliuma mdomo. "d anageuka kuangalia kama mbuzi wanafuata. Na a pia. Kila safari ina watu wa hivyo, huwezi kuwaacha."

"Kama Bibi," alisema Limpho, na nyuma ya pembe ya nyumba mtu akakohoa.

Malimpho alichimba L kwa kijiti, mfuo wa kuzama kidole. "Anzia kichwani. Shuka. Usinyanyue. Sasa kanyaga kwenda mlangoni." Kidole cha Limpho kiliingia, kikashuka, kikageuka kona. Hakikuwa kidole cha mtoto anayengoja, kilikuwa nyumbani. Malimpho aliifuta herufi kwa kiganja, akachimba tena, safari hii mfuo wa nusu. Akafuta. Tena, mkwaruzo tu, wa kuhisi zaidi kuliko kuona. Karatasini vitone vilikuwa vipo au havipo, na pale vilipoisha mtoto alianguka kama aliyeondolewa ngazi. Kwenye udongo aliweza kumwondolea ngazi kidogo kidogo. Mwisho hakuchora kitu. Alibonyeza shimo moja kwa dole gumba, mahali pa kuanzia, akarudi nyuma. Limpho aliweka kidole shimoni, akapumua kwa pua, akashuka.

Jioni ya Jumamosi jina lake lilikuwa limesimama ukutani lote, herufi sita zinazoelekea mlangoni, bila shimo hata moja. Mamotsoane alikuja kulitazama huku amekunja mikono. Hakujua kusoma, lakini mistari aliijua. "Huyu wa mwisho mviringo hakufunga," alisema. "Maji yatavuja." Limpho akaifunga o.

Usiku ule mvua ikaja kutoka milimani, na haikukatika. Asubuhi ukuta wa nyuma ulikuwa machirizi matupu. Mama mkwe alisimama mlangoni amefurahi kama msichana, maana kwao ukuta mpya ukioshwa na mvua ni kwamba wazee waliolala wamesikia maombi, na mtama utasimama.

"Wametujibu," alisema.

"Wangejibu Alhamisi, Mama," alisema Malimpho. Siku ya ubao ilikuwa Jumatano.

Mvua ilipoendelea Jumatatu, hapakuwa na udongo wa kushika popote, ikabidi warudi ndani, mezani, kwenye karatasi. Malimpho alimpa penseli kwa moyo mwepesi. Limpho hakuogopa. Aliandika haraka, bila vitone, bila kusita, akasukuma karatasi mbele ajisifu.

Jina zima lilikuwa limegeuka. Lilianzia mkono wa kulia likaenda kushoto, L imetazama kushoto, p tumbo kushoto, h kushoto, kila kitu kimepangwa vizuri kabisa, kama jina lililoonekana kwenye maji.

Malimpho aliketi. "Limpho, safari inakwenda wapi?"

"Mlangoni." Mtoto alinyoosha kidole. Na kweli, mezani pale walipoketi, mlango ulikuwa kushoto.

Kutoka jikoni Mamotsoane alisikia mkamwana wake akicheka mpaka anashika ubavu, akaja kuona kama amepatwa na wazimu. Malimpho alimweleza huku akifuta machozi. Mama mkwe alitazama mlango, akatazama karatasi, akasema, "Basi mtoto ametii. Aliyempa njia ndiye amemzungusha." Akavuta kiti akaketi nao, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu walipogombana.

"Milango ya dunia haikai upande mmoja," Malimpho alisema, akijisemea zaidi. Alifikiri. Alihitaji kitu ambacho mtoto angekwenda nacho kila nyumba, kila darasa. "Limpho, ugali unaula kwa mkono gani?"

Limpho aliinua wa kulia.

"Huo usioshika bakuli. Safari zote zinakwenda upande wa mkono huo. Wala si mlangoni, mama alikosea. Hata ukiandika porini pasipo na nyumba, wanakwenda upande wa mkono unaolia ugali."

"Hata nikiwa nimekupa mgongo?"

"Hata ukiwa umenipa mgongo. Geuka tujaribu."

Siku hiyo na Jumanne yote walihama. Waliandika kwenye meza, kisha wakaibeba meza wakaigeuza. Waliandika kwenye unga uliomwagwa juu ya sinia, Limpho akiwa upande huu, kisha upande ule. Waliandika kwa kidole mgongoni kwa Mamotsoane, ambaye alidai anasikia vizuri p ilipokosea, ingawa aliyekuwa akicheka wakati huo ni yeye. p iligeuka bado, mara moja moja. Malimpho hakumwambia tena kwamba imekosea. Aliuliza tu, "Huyu anakwenda wapi?" na kungoja.

Jumatano kulikuwa na matope mpaka vifundoni. Wazazi waliruhusiwa kusimama mlangoni, si ndani, na Malimpho alisimama mbele kabisa. Watoto walioandika vizuri walikwenda kuketi mstari wa dirishani. Waliobaki waliketi mkekani na wadogo. Mtoto wa jirani, Puseletso, aliandika jina lake refu lote akapungia mkono kama mbunge.

"Limpho," aliita Mwalimu Maseabata.

"Bibi anakwenda," alinong'ona mtoto mmoja mkekani, na wengine wakaziba midomo.

Limpho alichukua chaki. Malimpho aliuona mgongo ule mdogo na akatamani kuwa ndani yake. L ilishuka, ikakanyaga kulia. i. m, milima miwili. Kisha chaki ikasimama. Darasa zima lilisikia mvua ikidondoka kwenye paa. Limpho akaandika p, na tumbo la p lilitazama kushoto.

Mwalimu Maseabata alivuta pumzi kusema jambo. Malimpho alishika mwimo wa mlango. Alijua neno moja tu lingetosha, *anakwenda wapi*, na alijua pia kwamba akilisema, jina hilo halitakuwa la Limpho tena. Alifunga kinywa.

Limpho aliitazama p yake, kichwa upande. Akaipaka kiganja kizima, akaifuta mpaka ubao ukabaki na ukungu, akaiandika upya, tumbo kulia. Kisha h. Kisha o, ambayo aliifunga kwa uangalifu.

"Sikukwambia ufute," alisema mwalimu.

"Alikuwa anarudi nyumbani," Limpho alijibu. "Wenzake wanakwenda."

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alilitazama jina, akamtazama mtoto, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona watoto wengi wakikariri jina moja kama wimbo na kuishia hapo. "Jana mlikula nini?"

"Papa," alisema Limpho, yaani ule ugali wao mweupe.

"Iandike."

Neno hilo hawakuwahi kulifanyia mazoezi. Malimpho alihesabu kichwani: p mbili za kwenda mbele, a mbili za kugeuka nyuma. Limpho hakuangalia mlangoni kumtafuta mama yake. Aliandika p, akaandika a, akasimama, mkono wake wa kulia ukashuka na chaki kando ya sketi, ukakunja vidole kidogo, ukapanda tena. p. a. Ya kwanza ilikuwa kubwa na ya mwisho ndogo, zikiteremka kama zilizo mlimani, lakini kila moja ilitazama inakotakiwa.

"Na mboga?" aliuliza mtoto wa mkekani.

"Nyamaza wewe, zamu yako inakuja," alisema Mwalimu Maseabata. Akampokonya Limpho chaki, si kwa nguvu. "Nenda dirishani."

Limpho alikwenda, akajibana kando ya Puseletso, na mara hiyo hiyo wakaanza kusukumana viwiko kwa nafasi. Malimpho alibaki palepale mlangoni.

Mwalimu alimjia mlangoni akipangusa vumbi la chaki. "Darasa la kwanza halina viti vya kutosha," alisema. "Januari aje na chake."

"Atakuja nacho," alisema Malimpho. Hakujua bado kitatoka wapi. Alifunga blanketi vizuri begani, akatoka kwenye matope, na kabla hajafika barabarani alikuwa amekwisha kuanza kufikiria mbao.